Lengo la Malalamiko Arobaini na Mawili

Umma unatangaziwa kwamba Idara ya Mihuri, inayotengeneza kila muhuri wa mpira unaogongwa katika ofisi za serikali, haina unyanyasaji kazini. Haina hata chembe. Jambo hilo lilihakikiwa kila Ijumaa kwa kufungua sanduku la malalamiko, lililowekwa ofisini kwa Mkurugenzi, nyuma ya kiti chake, ili liwe salama. Ufunguo aliuweka mfukoni mwake, usije ukapotea. Mwaka mzima sanduku lilitoa karatasi moja tu.

Karatasi hiyo iliandikwa na mhazili wake. Alieleza kwa adabu zote kwamba Mkurugenzi akimsomea barua za kuchapa humwekea mkono begani, na mkono huo haukai begani. Kwamba humbakiza ofisini watu wakishaondoka, akafunga mlango. Kwamba ameomba mara tatu aachwe afanye kazi yake kwa amani.

Mkurugenzi alilishughulikia lalamiko hilo kwa kasi ya kupigiwa mfano. Alisoma mstari wa kwanza na jina la chini, hakuhitaji zaidi. Siku ya pili yake akamwita mhazili, akamsomea barua ya kumhamishia mhazili huyo huyo tawi la mpakani, mwendo wa siku mbili kwa basi, kuanzia tarehe mosi. Mhazili akaichapa bila kosa hata moja, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa. Nyumbani alikuwa na mama mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani bila kushikwa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumshika. Alichapa nakala tatu, akaenda chooni akalia, akarudi mezani. Barua ikabaki kwenye jalada jekundu ikingoja sahihi.

Ndipo makao makuu yakaleta Mwongozo wa Utamaduni Bora wa Kazi, kurasa tisini pamoja na majedwali. Mwongozo ulisema wazi: idara itapimwa kwa idadi ya malalamiko iliyoyapokea, kuyachunguza na kuyathibitisha. Idara ya Mihuri ikapata sifuri. Ikashika mkia, nyuma hata ya Kitengo cha Ngazi na Lifti, chenye watumishi wawili tu ambao hawasemezani.

Mkurugenzi aliumia. Akawakusanya watumishi wote kumi na wanne karakanani, katikati ya harufu ya wino na mpira, akawakaripia kwa uvivu wa kulalamika. Kila mtu alete malalamiko matatu kabla ya Ijumaa. Asiye nayo atunge. Atakayeshindwa kutunga atajieleza kwa maandishi.

Fundi wa kuchonga herufi, mzee aliyebakiza miezi minne astaafu, aliuliza malalamiko yamhusu nani.

"Mwandikeni Mkurugenzi," akasema Mkurugenzi. "Someni jedwali la saba. Lalamiko dhidi ya mlinzi lina alama moja. Dhidi ya mkuu wa idara lina tano."

"Mkurugenzi yupi, bosi?"

"Wa kubuni, mzee wangu. Mbona mnakuwa wazito hivyo?"

Jioni fundi alipita mezani kwa mhazili, akamkuta ameikodolea macho karatasi tupu. Mhazili akamwambia yeye hajui kutunga, tangu shuleni.

"Basi usitunge, mwanangu," fundi akasema, akaenda zake.

Mhazili aliandika kurasa tatu, lalamiko moja kila ukurasa. Hakuacha kitu.

Ijumaa Mkurugenzi alijifungia na birika la chai, akasoma yote arobaini na mawili. Alicheka sana. Alicheka kisa cha dereva anayetukanwa mbele ya mtoto wake, na cha mama wa usafi anayeitwa kwa mluzi. Alishangaa kuona idara yake ina vipaji vikubwa namna ile na yeye hakuwa na habari. Kisha kicheko kikakatika, na mhazili, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha nje, akaitwa ndani.

"Huyu mtu wako ni shetani," Mkurugenzi akasema, ameshika zile kurasa tatu. "Umemtoa wapi?"

"Nimeandika tu, Mkurugenzi."

"Hongera. Ila umekosea kitu kimoja. Unasema anafunga mlango saa kumi. Saa kumi mlinzi bado yuko kwenye korido. Mtu kama huyu angengoja saa kumi na moja."

Mhazili akakumbuka kwamba kweli ilikuwa saa kumi na moja. Mkurugenzi akachukua kalamu, akakata, akasahihisha kwa mkono wake, akaweka sahihi pembeni kama taratibu zinavyotaka. Halafu akachukua muhuri mpya wa fundi, IMECHUNGUZWA NA KUTHIBITISHWA KUWA KWELI, akagonga karatasi zote mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Wakati mhazili anatoka, akamkumbusha kwamba ile barua ya uhamisho hajaisahau, ataisaini Jumatano baada ya sherehe.

Jumatano mkaguzi wa makao makuu alifika, mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alisomea matokeo karakanani: Idara ya Mihuri ya kwanza, alama mia mbili na kumi. Mkurugenzi alipiga makofi kuliko wote. Mkaguzi akafunua ukurasa wa pili. Kwa kuwa malalamiko yote yamethibitishwa kuwa kweli, mkuu wa idara amesimamishwa kazi kuanzia saa hiyo, na asisaini barua yoyote. Mhazili aliposikia hilo la kusaini, akashika ukingo wa meza.

Mkurugenzi akacheka, akaeleza kwa upole kwamba yale yalikuwa ya kutungwa.

"Yaani umegonga muhuri wa kweli juu ya uongo mara arobaini na mbili?" mkaguzi akauliza. "Hilo ni la kufukuzwa leo leo. Kusimamishwa ni nafuu. Chagua."

Mkurugenzi alitafuta pa kushika. Akadai haki yake ya kuwa na shahidi, ambayo Mwongozo unairuhusu. Akamtazama dereva, dereva akatazama viatu vyake. Akamtazama fundi, fundi akawa anafuta patasi yake kwa makini. Hatimaye akamgeukia mhazili.

"Binti, wewe ndiye unayenifahamu kuliko wote hapa. Mwambie mama mkaguzi mimi ni mtu wa namna gani."

Mhazili aliachia ukingo wa meza.

"Nimeshamwambia, Mkurugenzi. Kurasa tatu. Na pale nilipokosea saa, ulinisahihisha mwenyewe."