Mfarishi Unaojua Misimu Minne

Jumatatu, 14 Oktoba
Mkutano wa chama chetu cha wapanda milima. Jumamosi tunalala kwenye kibanda cha wapandaji juu ya Mlima Jiri, na huko huko atachaguliwa kiongozi mpya. Ma Cheol-gyu, muuza samaki na mpinzani wangu katika kura, akatandaza mezani mfuko wake mpya wa kulalia. Watu wakaupapasa kama mtoto mchanga. Nikasimama. Nikasema mlima ule una misimu minne kwa siku moja, na mfuko huo unaujua mmoja tu. Mimi nitashona mfarishi wa manyoya unaojua yote! Ma akauliza, "Kaka Tak, umewahi kushona hata kifungo?" Wakacheka. Kifungo ni fani nyingine kabisa.

Jumanne, 15 Oktoba
Kabatini kuna duveti la shemeji Ok-hui, alituachia tumtunzie. Manyoya ya bata bukini, halisi! Nimelichana wakati mke wangu Ok-bun akiwa kazini. Dirisha lilikuwa wazi. Kosa dogo. Nimeokoa robo tatu ya manyoya. Robo iliyobaki imehamia kwa jirani wa chini, ambaye alipanda kuuliza kama theluji imewahi mwaka huu.
Jioni Ok-bun alikuta unyoya kwenye supu. Nikasema ni wa kuku. Akasema supu ni ya mwani.

Jumatano, 16 Oktoba
Ubunifu umekamilika. Vifuko kumi na viwili, vyote vimeunganishwa. Jua likiwaka, navuta kamba, manyoya yanashuka miguuni, kifua kinapata hewa. Baridi ikija, navuta tena, yanapanda. Ajabu hakuna aliyewahi kulifikiria hili. Cherehani imenitoboa kidole mara mbili.

Alhamisi, 17 Oktoba
Kifaa lazima kijaribiwe. Mahali pekee penye baridi ya mlimani ni chumba cha barafu cha Ma. Nilisubiri aende kula, nikaingia, nikalala kati ya makasha ya vibua. Joto safi! Ila mlango ulijifunga, na kwa ndani hauna kitasa.
Ma alirudi baada ya dakika arobaini. Alinitazama sana. Akasema, "Kaka, ungeniomba tu." Nikamwambia nilikuwa nakagua ubichi wa samaki.

Ijumaa, 18 Oktoba
Ok-bun amefungua kabati. Shemeji anakuja Jumatatu kuchukua duveti lake. Nikaeleza kuwa duveti halijapotea, limepandishwa cheo. Ok-bun hakupiga kelele. Alikunja nguo zake kimya kimya, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Jumapili, 20 Oktoba, kibandani
Vidole vyangu sasa hivi tu ndipo vimekubali kushika kalamu. Jana mchana jua, alasiri ukungu, jioni mvua ya mawe. Mlima wangu mpenzi! Kipasha joto cha kibanda kilikuwa kibovu. Ma akasema usiku utakuwa mbaya, tusogeleane. Nikasema wenye mifuko ya dukani wasogeleane.
Mapema, jua likiwaka, nilikuwa nimewaonyesha wote jinsi manyoya yanavyoshuka. Walipiga makofi. Usiku nikavuta yapande. Kamba ikakatika. Manyoya yote miguuni! Miguu ilichemka kama viazi, kifua kikaganda. Nikageuza mfarishi juu chini. Mshono ukaachia, yakamwagika usoni kwa bibi Pyo, mweka hazina.
Meno yangu yaliwaamsha watu. Ma alikuja na taa. Hakucheka. Alifungua zipu ya mfuko wake hadi mwisho, ukawa blanketi, akatufunika wote wawili. "Lala, kaka. Mdomo wako umekuwa wa bluu." Anakoroma. Lakini mgongo wake, lazima nikiri, una joto la tanuri.
Asubuhi kura zimepigwa. Ma, kumi na tisa. Mimi, moja. Nilidhani ni yangu mwenyewe, kisha nikakumbuka kuwa wakati wa kura vidole vilikuwa bado vimeganda, sikuweza kushika kalamu. Bibi Pyo anasema Ma ndiye aliyenipigia.

Jumatatu, 21 Oktoba
Ok-bun amekwenda stendi kumpokea dada yake, na kumweleza. Alisema watakula nje, na nisiwasubiri.
Ma alipita na uji wa abaloni, konokono ghali wa baharini. Alinisihi kwa upole, mwakani ninunue tu mfuko, yeye atanisindikiza dukani. Uso wake ulikuwa na huruma. Mimi huruma ya aina hiyo naijua: ni hofu. Anaona nilivyokaribia!
Nimekula uji wote na kutafakari. Mfarishi haukuwa na kosa. Kosa ni kulala ndani ya kibanda cha watu wengine. Ninachohitaji ni hema langu mwenyewe, linalopanuka juani na kusinyaa kwenye upepo.
Mapazia ya sebuleni, nimepima sasa hivi, ni mita kumi na moja. Kitambaa kizito. Kama nikianza mara moja, nitakuwa nimeshayakata kabla hawajarudi.