Kipimo Kilichopanda Gari Likishuka

Leo nimejivunjia heshima mchana kweupe, tena bila kusaidiwa na mtu.

Ninawaandikia, walimu wenzangu wastaafu, kwa sababu tangu saa nane zimenifikia habari tatu za tukio hilo. Ya kwanza inasema nilitumbukia ziwani. Sikutumbukia. Ya pili inasema nilimpiga mtu kwa kiatu. Viatu vyangu vyote viwili vilibaki miguuni. Ya tatu nitaigusa mwishoni. Hizo nimezisikia tu. Yafuatayo nimeyaona, maana nilikuwapo (kwa bahati mbaya).

Binti yangu Nsimire ni muuguzi. Mwaka huu ameanguka na pikipiki za abiria mara mbili akienda kazini, na goti lake la kulia limevimba kama boga. Akaapa kutozipanda tena. Akatafuta, akapata kigari cha umeme, kidogo, kilichotumika, rangi ya limau.

"Papa," akaniambia asubuhi, "kuna mutu wa kule kijiji ya Miti anakuya kukinunua midi, saa sita. Ukiangalie mbele yeye afike. Lakini tafazali, usigombane na mutu."

Mimi kugombana! Mimi huuliza maswali.

Mwenye gari, bwana mmoja aitwaye Fiston, mwenye viatu vyeupe pee, alitungoja kando ya barabara ya Nguba, hapa Bukavu, karibu na akina mama wanaouza sambaza, dagaa wa ziwa letu. Nikatoa daftari.

"Linatembea kilomita ngapi?"

"Banasema cent, Papa."

"Nani wanasema mia?"

"Batu."

Nikaandika: *Batu.*

"Na umeme ukikatika siku mbili?"

"Minasikiaka inachungaka courant yake."

Nikaandika hilo pia: *amesikia kwamba linahifadhi umeme wake.* (Bwana huyu hakuwa akiuza gari. Alikuwa akiuza uvumi wenye magurudumu.)

"Liwashe," nikaamuru.

"Inaisha kuwaka, Papa."

Eti limeshawaka! Nikatega sikio kwenye boneti. Kimya. Nilichosikia ni akina mama wakibishana na mteja juu ya kipimo cha sambaza.

Kwa kuwa hakuna neno la Fiston lililostahili kuaminiwa, niliandaa jaribio: kupanda kutoka Nguba hadi juu kilimani Karhale, kisha kurudi palepale, huku nikisoma kipimo cha batri. Nsimire akashika usukani. Mimi nikakaa kando yake na kalamu. Fiston akakunjwa nyuma, magoti yakigusa masikio. Tulipoondoka, kipimo kilisoma sabini kwa mia.

Nakiri kwamba kigari kilipanda bila manung'uniko. Kilipita lori lililokuwa likikohoa moshi mweusi, na dereva wake alitutazama kama watu waliokata mstari kanisani. Juu Karhale nikasoma sitini na moja. Nikaandika, nikapiga mstari. Umeme umeliwa. Haki kabisa.

Tukaanza kushuka.

Katika mteremko wa Kadutu, kipimo kikasoma sitini na mbili. Nikavua miwani, nikaifuta. Tulipofika Nguba, kilisoma sitini na tatu.

Sitini na tatu!

Nisomeni kwa makini. Gari limetembea, limebeba watu watatu, limepiga honi pasipo idadi, na akiba yake imeongezeka. Gari langu la zamani nililizima katika kila mteremko kwa miaka ishirini ili kubana esansi, yaani petroli, kama sisi sote tufanyavyo mjini hapa. Halikunirudishia hata tone! Hitimisho likawa wazi kama jua: kipimo kimechezewa.

"Simama!" nikamwambia binti yangu. Nikashuka. "Bwana Fiston, wewe ni mlaghai."

"Escroc? Miye?"

"Papa…" akasema Nsimire.

"Kipimo hiki kinadanganya."

"Papa, minaapa, inafanyaka vile siku yote!"

"Kwa sababu gani?"

Akakuna kichwa. "Banasema…"

Basi! Hapo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniomba. Nikaigeukia barabara na kuita mashahidi.

"Mabibi na mabwana! Msingoje kuambiwa! Njooni muone kwa macho yenu!"

Wakaja. Bukavu haijapata kukataa mwaliko wa namna hiyo. Wakaja waendesha pikipiki, akaja muuza vocha za simu, wakaja akina mama wote wa sambaza. Nikawaeleza udanganyifu huo kwa sauti ya darasani, nikamalizia: "Nani kati yenu amewahi kuona nguvu ikizaliwa bure?"

Mama mmoja wa sambaza, Maman Faida, akanyoosha kidole. (Ndiyo, alinyoosha kidole kabla ya kusema. Ningepaswa kushtuka.)

"Papa Prof," akasema, "si ni ile ya jiwe?"

Mnajua nilifundisha fizikia miaka thelathini na minne. Kila mwaka niliweka jiwe juu ya kabati la darasa, nikalisukuma, likaanguka katika beseni la mchanga. Kila mwaka! Nikamtazama yule mama vizuri. Safu ya mbele, karibu na dirisha: ndipo alipokuwa akikaa.

Akalichukua jiwe lililokandamiza plastiki ya meza yake, akaliinua juu.

"Mukono njo ulipandisha jiwe. Kazi ya mukono inabakia mule ndani. Ikianguka…" Akaliachia. Likatua katika beseni lake, sambaza wakaruka kama wamefufuka. "…inairudisha! Sasa gari, batri njo ilipandisha. Ikishuka, magurudumu inarudisha kidogo mu batri. Tisa ilienda, mbili inarudia, ingine ilipotea mu njia. Bure iko wapi, Prof?"

Kisha akainua kidole cha shahada, akakaza shingo, na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti yangu mimi:

"Énergie haipotee! Inageukaka! Notez!"

"Notez! Andikeni!" wakaitikia sauti nne au tano kutoka katika kundi. Mmoja alikuwa juu ya pikipiki. Mwingine alikuwa muuza vocha. Sikuwa nimekusanya mashahidi. Nilikuwa nimekusanya darasa langu.

"Ulinipatiaka deux sur vingt, mbili kwa makumi mbili, juu ya ile jiwe," akaendelea Maman Faida. "Leo tukupe ngapi?"

"Zéro!" wakashangilia.

"Apana," akawakatiza Maman Faida. "Moya, juu alifika."

(Hiyo ilikuwa huruma yangu mwenyewe, enzi zangu: alama moja kwa kuhudhuria.)

Huenda ningetabasamu, lakini simu ya Fiston ililia. Ni mutu wa Miti.

"Kuya tu," Fiston akamjibu. "Gari iko hapa. Ule muzee hapendi."

Nsimire aliinama, akalishika goti lake, akaitazama barabara ya kupandia kazini. Hilo liliniuma kuliko sifuri.

"Bwana Fiston," nikasema, "tafadhali, mwuzie binti yangu."

"Ulinitukana mbele ya batu, Papa. Omba pardon mbele ya batu."

Nikaomba, kwa unyenyekevu na kwa sauti ya chini.

"Sauti!" ikatoka nyuma ya kundi. Hilo nalo ni neno langu. Miaka thelathini na minne niliwarushia wale wa safu ya nyuma.

Basi nikarudia, wima, mikono nyuma: "Mimi, mwalimu wa fizikia, nimemwita mlaghai mtu mwaminifu kwa sababu nimesahau somo langu mwenyewe. Naomba radhi."

"Notez," akasema Maman Faida, polepole, kama mtu anayefunga kitabu.

Fiston akacheka hadi akaegemea gari. Wakaandikiana mkataba na Nsimire palepale juu ya boneti, kabla ya midi. Daftari langu ndilo lililotoa karatasi. Angalau kitu kimoja changu kilifaa.

Sasa gari liko uani kwetu, hatua chache tu kutoka pale. Saa kumi na moja nimetoka na viatu vya ndani kulikagua: sitini na tatu. Kipimo hakijaongeza wala kupunguza, na mimi sijasema lolote kukihusu.

Imebaki habari ya tatu. Nsimire aliambiwa, naye akaniambia, kwamba akina mama wa sambaza wananiigiza mbele ya kila mteja. Sikuamini, ya kuambiwa siyaamini, nanyi, kwa heshima ya kazi tuliyoifanya, nawaomba jambo moja tu, msicheke. Nimekwenda mwenyewe, nikasimama nyuma ya kibanda cha vocha dakika kumi. Wateja watatu wamehudumiwa. Kidole wamekiinua mara tatu, na kwa usahihi kabisa.