Kilo Ishirini za Daraja la Kwanza

Uhuru ulikuwa na wiki tatu, na watu wa Rumonge waliamini kitu chochote kilichoitwa kipya. Casimir akawaletea kampuni mpya ya ndege. Kampuni nzima ilikuwa kofia ya rubani, mizani ya mawese aliyoazima kijiji cha Kizuka, na mdomo wake. Kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho ni saa ya dhahabu mkononi.

"Safari ya kwanza kwenda Bujumbura ni bure!" alitangaza sokoni. "Ndege itatua saa kumi, uwanja wa mpira. Mizigo itangulie forodhani."

Bure! Matajiri wakawasukuma maskini, kama kawaida yao.

Mpango ulikuwa mwepesi: mizigo ipelekwe Kabonga, kusini kabisa mpakani, iuzwe, yeye avuke mpaka akaanze kuheshimiwa Kigoma. Lakini masanduku ya kwanza yalikuwa na mashati mawili na kitana. Casimir akatunga sheria papo hapo.

"Mzigo chini ya kilo ishirini," alisema kwa huzuni ya kiserikali, "mwenyewe atakaa nyuma na mbuzi. Kuanzia ishirini, daraja la kwanza, karibu na rubani. Na kahawa."

Watu wakakimbilia makwao. Wakarudi migongo imepinda. Mustafa, mwenye duka, alileta kilo arobaini na tatu.

"Vitenge vitupu, patron," alisema akihema.

Casimir nusura ambusu.

"Na wewe, mama, huna mzigo?" alimuuliza Mwavita, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Mimi naogopa ndege. Lakini kaka yangu Mulamba iko na lori. Faranga moja kwa kilo, unalipa ukifika. Mizani si iko hapo?"

Mulamba hakuuliza kwa nini forodha ya Bujumbura ilikuwa Kabonga. Alipakia, akaendesha, akapiga mluzi njia nzima.

Kabonga, Casimir alivunja sanduku la Mustafa. Mawe ya ziwani. La pili, mawe. Mawe yote yalifungwa kwa magunia yanayonuka ndagala.

"Dada aliwauzia hayo mawe asubuhi," alisema Mulamba. "Faranga tano kapu. Hakuna aliyetaka kukaa na mbuzi. Haya, kilo mia nane na kumi. Tulipane."

"Kwa mawe?"

"Si ulipima mwenyewe, patron?"

Mulamba alikuwa na mikono ya kubeba mapipa ya mawese, basi mazungumzo hayakurefuka. Alichukua saa na viatu, akamwachia mawe yake. Kofia aliivaa mwenyewe, akageuza lori kurudi Rumonge.

Saa kumi ilikuwa imepita. Uwanjani, abiria wa daraja la kwanza walikuwa wakitazama juu, wakigombana nani atakaa dirishani.