Kamati ya Kutuliza Mawimbi na Mtetea wa Paskazia

Katika mwaka wa 1950, baada ya kutafakari kwa kina, Serikali ilitambua kwamba mawimbi ya redio ya Tabora hayana adabu, ikaunda Kamati ya Kutuliza Mawimbi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Shauri, afisa wa wilaya. Katibu nilikuwa mimi, Alois, karani daraja la pili, mtu pekee pale Boma aliyeweza kuandika neno "utulivu" mara kumi na nne katika ukurasa mmoja na bado akabakiza nafasi ya sahihi.

Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu mwenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifurahisha: Damas, fundi redio wa mtaa wa Ng'ambo, aliyekuwa mpiga simu za upepo vitani Burma. Kwa hiyo Kamati ilipochunguza nani mkosaji, haikuchelewa.

Kila siku Damas aligonga habari kwa nukta na mistari, kwa wimbi fupi, akimtafuta Shilinde kule Kigwa. Walipigana pamoja. Shilinde alirudi bila miguu, na mazungumzo yale ya vidole ndiyo yaliyokuwa matembezi yake. Lakini redio yake ilikuwa na sikio jembamba. Wimbi likisogea kidogo tu, hasikii kitu.

Na kweli lilikuwa linasogea. Wimbi hushikiliwa na kipande cha jiwe, chembamba kama ukucha. Likipata joto, wimbi linakwenda huku. Likipoa, linakwenda kule. Chini ya bati za Ng'ambo asubuhi ni baridi na mchana ni tanuri. Nikampelekea Damas barua kwa mkono wangu: wimbi lako limeonekana likizurura bila kibali, ukaguzi ni Ijumaa, na likisogea tena, leseni na mtambo vitachukuliwa.

Damas aliisoma, akakaa chini. "Karani, Shilinde nitamwambia nini? Na nitamwambia kwa kitu gani?"

Mkewe, Paskazia, alikuwa akipepeta mchele. "Wewe unatafuta joto lisilopanda wala kushuka?"

"Ndiyo."

"Sasa unahangaika nini, na mtetea yuko jikoni?"

Mtetea huyo alikuwa na siku ya nne akiatamia mayai kumi na moja ndani ya chungu kilichomeguka mdomo. Damas alilifunga jiwe kwa kitambaa, akapitisha waya dirishani, akaliweka katikati ya mayai. Kuku aligeuza kichwa, akalitazama, kisha akalivuta kwa mdomo chini ya tumbo lake. Tangu hapo wimbi halikutikisika. Kuku alipotoka kwenda kula, Damas naye alikunywa chai. Nilifurahi kupita kiasi, ingawa kwa cheo changu nilikunja uso.

Ijumaa Kamati ilifika na kipimo cha Serikali, sanduku zuri lenye nembo ya Mfalme, na jiwe lake ndani. Kwa heshima yake tuliliweka uani, mahali pa wazi, penye jua. Saa nne mshale ulikuwa sawasawa. Saa saba ulikuwa umetembea.

"Limesogea," akasema Bwana Shauri. "Chukueni mtambo."

"Samahani, Bwana," akasema Damas. "Au ni sanduku lililosogea?"

Katika miaka minane ya utumishi sikuwahi kusikia mtu akiuliza kama Serikali imesogea. Damas akafungulia kituo cha Uingereza kinachorusha wimbi la kupimia. Mawimbi mawili yakikutanishwa hutoa mluzi, na yote mawili yakitulia mluzi haubadiliki. Kwa wimbi la Damas mluzi ulibaki vile vile. Kwa sanduku la Serikali ulipanda, ukapanda, mpaka mbwa wa jirani akaitikia.

Kamati ilikaa kikao pale pale mkekani. Iliazimiwa kwamba sanduku la Serikali halijakosea hata kidogo, ila limepungukiwa kuku. Kuku wa Paskazia achukuliwe kwa manufaa ya umma.

"Kuku anayeatamia hahamishwi mchana," Paskazia alituonya. "Atasusa. Hilo hata mtoto analijua."

"Mama, saa za kazi za Serikali ni mchana," nikamwelimisha.

Jumatatu tulimfuata na askari wawili na stakabadhi. Paskazia aliisoma, akabaki na mayai, kwa sababu palikuwa pameandikwa kuku tu. Boma lilimwekea jiwe la sanduku pamoja na mayai matatu ya Bwana Shauri, yaliyotoka kwenye friji. Mtetea aliyakanyaga, akayaona baridi, akasimama. Alipita langoni katikati ya askari, akashika njia ya zamani ya misafara kurudi Ng'ambo, bila mzigo.

Kumbe Bwana Shauri alikwisha kuwaandikia wakubwa kwamba kipimo cha Tabora ndicho kilichotulia kuliko vyote Tanganyika, na Kamishna wa Jimbo alikuwa njiani kuja kukiona. Tukahaha. Chupa ya maji ya moto ilipoa. Taa ya chemli iliunguza kitambaa. Ndipo mimi nilipokumbuka kwamba hata binadamu ana joto. Lakini jiwe la Serikali haliwezi kukaliwa na mtu wa daraja la pili. Bwana Shauri akalikalia mwenyewe.

Kamishna alifika, akainamia mshale. Ulikuwa kimya kabisa. Akasifu sana. Basi nje bendi ya polisi, niliyoiagiza mimi, ikaanza kupiga wimbo wa Mfalme. Watu wote tukasimama wima. Bwana Shauri hakusimama.

"Kwa nini husimami?" akauliza Kamishna.

Bwana Shauri aliutazama mshale. Jasho lilimtoka.

"Naatamia, Bwana," akasema.

Leseni ya Damas ilithibitishwa wiki ile ile. Sanduku la Boma sasa linarekebishwa kwa wimbi lake, baada ya mimi kwenda kumpigia Paskazia shikamoo na kumuuliza kama kuku amekwisha kula. Siku ya ishirini na moja vifaranga wote kumi na mmoja walitoka. Nilikuwapo Damas alipomgongea Shilinde habari hizo.

Kigwa ikajibu baada ya muda mfupi: "Hongera kuku. Na Bwana Shauri, yeye ametotoa nini?"

Damas alinitazama mimi, kwa kuwa ndimi katibu. Nikamsomea kumbukumbu za Kamati, naye akagonga neno kwa neno: "Barua ya uhamisho. Kosa lake, hakusogea."