Kiti Kisicho na Mshahara

Clement Tarrant hakuwahi kununua gazeti maishani. Aliamini kwamba mtu mwenye subira akikaa mkahawani muda wa kutosha ataachiwa gazeti, na siku za bahati ataachiwa na soseji. Asubuhi hiyo pale Croydon, kusini mwa London, mvua ikinyesha kama ilivyozoea, aliachiwa gazeti tu. Lakini ndani yake, chini ya habari za mbwa aliyepotea na akaonekana, kulikuwa na tangazo lililomfanya asahau kabisa habari ya soseji.

Serikali ilikuwa inatafuta wajumbe huru wa bodi ya kusimamia fedha za utafiti wa maendeleo ya kimataifa. Hizi ni zile fedha ambazo London huwapa maprofesa ili wakachunguze kwa nini mihogo ya watu wa mbali inaoza na mbuzi wao wanakohoa. Bodi ndiyo ilitakiwa kuangalia kama zinatumika ipasavyo. Mjumbe huru maana yake ni mtu ambaye hajawahi kuonja fedha hizo, wala mkewe, wala shemeji yake. Malipo: hakuna. Nauli itarudishwa.

Mtu wa kawaida angefika kwenye neno "hakuna" akafungua ukurasa wa michezo. Tarrant alilisoma mara mbili, akalamba sukari iliyobaki kidoleni.

Tusimhukumu haraka, maana mwenzetu alikuwa msomi wa fani yake. Umri ulikuwa umekaribia sitini, sauti yake ilikuwa ya askofu, na suti ya kijivu alipewa na mjane wa Eastbourne aliyemwamini. Alikuwa amekwisha kuuza uanachama wa kilabu cha gofu ambacho hakikuwa na kilabu wala gofu. Sasa magoti yalimuuma. Alichotaka ni pigo moja la mwisho, kisha kijumba cheupe pwani ya Ureno ambako hakuna mtu anayemdai maelezo. Na alijua jambo moja kuhusu matajiri wa nchi ile: mtu akishanunua kila kinachouzwa, anaanza kuugulia kisichouzwa. Anataka medali kutoka kwa Mfalme. Na njia ya kwenda kwenye medali hupitia kwenye viti visivyo na mshahara.

Ndiyo sababu Jumapili ile alikuwa Basildon, mkoani Essex, sebuleni kwa Gordon Stubbins, akila nyama choma ya oveni na viazi vya watu. Stubbins alikuwa amepata utajiri kwa kukodisha vyoo vya kuhamishika kwenye harusi na matamasha.

"Maendeleo ya kimataifa mimi nayajulia wapi, bwana?" alisema Stubbins. "Mimi mtu wa vyoo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako!" Tarrant aliweka uma chini kwa heshima. "Nusu ya dunia inajisaidia vichakani, Bwana Stubbins. Wewe huhitaji kuyajua maendeleo. Wewe ndiye maendeleo yenyewe."

Stubbins alivimba kidogo ndani ya sweta lake. Mkewe, Maureen, hakuvimba. Maureen ndiye aliyeanza biashara ile na choo kimoja na pikapu moja, na alikuwa na tabia ya kumtazama mgeni kama anatafuta mahali anapovuja.

"Na hiyo medali, mpenzi," Maureen alimuuliza Tarrant, maana huko Essex kila mtu ni mpenzi mpaka atakapothibitika vinginevyo, "inaletwa na posta au tunaifuata?"

"Mnaalikwa ikulu, Bi Stubbins. Mfalme mwenyewe."

"Basi nitahitaji kofia," alisema Maureen, akampa kiazi kingine.

Kazi ya Tarrant, kama alivyoieleza, ilikuwa kumwandaa Gordon kwa usaili. Maswali angeyapata, majibu angeyaandika, na milango angeilainisha. Kwa huduma hiyo aliomba paundi elfu arobaini, akaziomba kwa aibu kama mtu anayeomba chumvi. Alipewa.

Sasa kulikuwa na tatizo dogo la kiufundi: Tarrant hakuwa na hayo maswali. Njia ya kuyapata ilikuwa moja tu, naye akaichukua. Akaomba nafasi yeye mwenyewe. Angeingia, ayasikie maswali, ashindwe vizuri, atoke.

Usaili ulifanyika karibu na Whitehall, mtaa wa wizara za serikali, katika chumba chenye zulia la rangi ya supu. Waliketi watatu. Wawili walikuwa maprofesa wazee waliofanana hadi mba. Katikati yao alikaa Bi Philippa Ormerod, ofisa wa wizara, mwanamke mwembamba mwenye sweta la vifungo na uchovu wa miaka mingi ya kuwa na adabu.

Ili ashindwe bila jasho, Tarrant alikuwa ameamua kutumia kitu ambacho hakijawahi kumpatia hata senti moja, yaani ukweli.

"Labda utueleze ujuzi wako katika utafiti wa maendeleo," alisema Bi Ormerod.

"Kusema kweli, sijui chochote."

Maprofesa walitazamana. Hapa ni lazima uwajue watu hawa. Kwao, mtu akisema anajua kuogelea kidogo, ujue amevuka bahari mpaka Ufaransa. Akisema anapiga piga piano, ujue Vienna, mji wa muziki, wanamfahamu. Sasa huyu alikuwa amesema hajui chochote. Maprofesa waliketi wima.

"Chochote kabisa?" aliuliza profesa wa kushoto, kwa sauti ya mtu aliyeingia kanisani.

"Hata kidogo. Sielewi kwa nini mmeniita."

"Hizi nchi tunazofanya nazo kazi, umewahi kufika?"

"Sijawahi kupita bandari ya Calais, hapo Ufaransa. Na Calais penyewe nilitapika."

Profesa wa kulia alicheka mpaka akavua miwani. Mtu huyu, alijiambia, lazima aliishi Kongo.

"Una maslahi yoyote ya kutangaza?" aliuliza Bi Ormerod. "Umewahi kupokea fedha za utafiti? Una rafiki chuo kikuu chochote? Ndugu? Mwenzi?"

"Sina rafiki popote, bibi."

Bi Ormerod aliweka kalamu mezani. Waombaji wote waliotangulia walikuwa wamekula fedha zile, au wameoana na waliozila, au wameachana na waliozila na bado wanagombea mbwa. Alimtazama Tarrant kama mtu anavyotazama basi la mwisho likikata kona.

"Swali la mwisho. Udhaifu wako ni upi?"

"Mimi si mwaminifu sana," alisema Tarrant.

Wakacheka wote watatu. Akaagwa kwa kushikwa mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo kwa watu wale ni sawa na kubebwa juu juu.

Gordon Stubbins aliingia chumba kilekile siku mbili baadaye, maswali yote kichwani na majibu ya Tarrant yamekaririwa. "Mimi ni bora kuliko wote Essex nzima," alianza. "Niulizeni lolote." Maprofesa waliangalia dirishani kwa huruma, kama mtu amevua suruali msibani. Alikuwa nje kabla chai haijapoa.

Hilo Tarrant alilitegemea. Alikuwa chumbani kwake Croydon, sanduku limefungwa, tiketi ya ndege ya Ureno mfukoni, simu ilipolia.

"Bwana Tarrant? Philippa Ormerod. Tungefurahi mno kama ungekubali kujiunga nasi."

"Kujiunga na nani?"

"Na bodi. Umetugusa sana. Unyenyekevu wako."

Tarrant alikaa juu ya sanduku. Mlango ulikuwa pale, teksi ilikuwa chini inapiga honi, na yeye hakuinuka. Maisha yake yote milango ilifunguka kwa sababu alidanganya. Huu ulifunguka kwa sababu alisema kweli, na tena watu wenyewe walikuwa wa maana, wenye zulia. Alijiangalia kwenye kioo. "Mjumbe huru," alijiambia kwa sauti, na aibu iliyoje, macho yalimjaa maji. Chambo alichowauzia wenzake kilikuwa kimemkaa kooni, na kilikuwa kitamu.

Teksi ikaondoka. Wiki moja baadaye jina lake likatangazwa, na jioni hiyohiyo simu ikalia tena.

"Hongera, mpenzi," alisema Maureen Stubbins. "Tumeliona jina lako. Gordon amelia."

"Bi Stubbins! Nilikuwa nataka nikupigie nikueleze..."

"Usieleze, utachoka bure. Nimempigia mama mmoja huko wizarani, Ormerod, mtu mzuri sana. Ananiambia mjumbe huru lazima atangaze kila aliyempa pesa. Sasa nauliza tu: utatutangaza wewe, au nikutangaze mimi?"

Upande mmoja kulikuwa na Ureno na jua la magoti yake. Upande wa pili kulikuwa na kiti kisicho na mshahara na nauli ya treni kutoka Croydon. Kwa mtu mwenye akili zake hapo hapakuwa na cha kupima, na Tarrant wa mwezi mmoja nyuma angekuwa amekwisha kufika uwanja wa ndege.

"Nitawarudishia," alisema.

"Zote?"

"Zote."

"Na kofia?"

"Kofia gani?"

"Niliyonunua ya ikulu. Dukani hawaipokei, nimeshaivaa kwenye mchezo wa bingo."

Akailipia na kofia.

Karatasi za kikao cha kwanza zilipofika, zilikuwa nzito kiasi kwamba mleta barua aliomba maji. Tarrant alizisoma zote. Mwanzoni alizisoma kwa mazoea ya kazi, akitafuta mahali pa kupenyeza mkono. Kisha akajikuta anasoma tu. Kulikuwa na daktari wa mifugo kaskazini mwa Kenya, Bi Nakiru Ekal, aliyekuwa anachunguza homa ya mapafu ya mbuzi. Aliomba jokofu la kutumia mwanga wa jua, lisiloharibu chanjo, na mafuta ya pikipiki. Hakuomba kingine. Katika sentensi moja alitaja kwamba mwaka uliopita mbuzi wa mama yake walikufa wote, kisha akaendelea na hesabu zake. Tarrant alirudi kwenye sentensi ile mara nyingi. Alikuwa amewahi kusoma barua nyingi za kuomba, nyingine kaziandika mwenyewe, na hii haikuwa na hata neno moja la kumbembeleza mtu. Akaandaa swali la kumtetea, akalifanyia mazoezi akinyoa ndevu.

Siku ya kikao alivaa tai mpya. Kulikuwa na chai, kulikuwa na biskuti, na wajumbe huru wengine watatu, wapya kama yeye, walioangalia zulia. Profesa wa kushoto, ambaye ndiye mwenyekiti, alikohoa. Bi Ormerod akasimama.

Alisema wizara ilikuwa na masikitiko makubwa. Mambo yalikuwa magumu. Fungu la utafiti lilikuwa limekatwa, na kwa kuwa hapakuwa tena na fedha za kusimamia, ilipendekezwa kwamba bodi ivunjwe leo. Aliwashukuru wajumbe kwa mchango wao wa thamani.

"Samahani," alisema Tarrant. "Mimi bado sijachangia kitu."

"Utachangia sasa hivi. Kanuni inataka bodi ivunjwe kwa kura ya wajumbe huru, wasio na maslahi yoyote." Bi Ormerod alitabasamu kwa huzuni. "Hatukuwa na hata mmoja."

"Kwa hiyo mlitutafuta sisi ili tuje kuifunga?"

"Nisingelisema hivyo."

"Mlijua lini?"

"Kabla ya tangazo. Chukua biskuti, Bwana Tarrant."

Alichukua, kwa sababu mkono haukujua la kufanya. Alitafuta hasira akaikosa. Alichopata ni maumivu, maumivu hasa, kifuani, na juu yake heshima ya fundi aliyekutana na fundi mkubwa.

"Na wale mbuzi?" aliuliza.

Mwenyekiti alipekua karatasi. Bi Ormerod alimtazama, na kwa muda mfupi adabu ilimtoka usoni, akabaki mwanamke aliyechoka tu.

"Hilo ni swali zuri sana," alisema. Katika jengo lile, swali likishaitwa zuri sana, ujue halitajibiwa. "Wanaounga mkono?"

Mikono mitatu ikapanda. Watu wote wakamgeukia Tarrant, wakatabasamu, wakangoja. Hakuna aliyemharakisha. Hakuna aliyesema neno. Kilikuwa kimya kilekile alichokitumia yeye miaka yote kwenye sebule za watu, baada ya kusukuma karatasi mezani na kalamu juu yake: unanyamaza, unatabasamu, unamwacha mtu aone haya mpaka akubali kitu asichokitaka. Alikijua. Aliwahi hata kumfundisha mtu jinsi ya kukishinda.

Akainua mkono.