Bibi Mdogo Mwenye Shingo Fupi

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyeufungua ukurasa huu, tafadhali ufunge. Ikiwa huwezi, basi yaliyomo yaishie machoni, yasifike mdomoni. Usimwambie Mkuu wa Masjala, ambaye mimi ni karani wake. Usimwambie mwenzangu wa dawati la pili, tunayemwita Muhuri kwa sababu ndiye mshika mihuri, na anaishika kama urithi wa baba yake. Zaidi ya wote, usimwambie mjomba.

Nimesema uongo. Ulianza mdogo, ukakulia mezani wakati wa chai.

Mjomba ndiye aliyenilea, na alikuwa mpiga besi, lile gitaa la sauti nzito lenye nyuzi nne. Besi yake ilikuwa ya shingo fupi. Vyuma vya shingoni vimekaribiana, mtu wa vidole vifupi anafika kila mahali bila kujitegua mkono. Alimwita Bibi Mdogo. Mkaza mjomba hakulicheka jina hilo hata siku moja. Mjomba alipolazwa hospitali, mkaza mjomba alimwita mpita njia mwenye mkokoteni akamuuzia. Mgonjwa aliporudi nyumbani, alikuta ukewenza umekwisha.

Sasa ule ukumbi wao wa zamani unageuzwa ghala. Bendi wamebaki wanne, mjomba akiwamo, na wenzake wanataka kupiga mara ya mwisho Jumamosi. Amekataa. Vidole vimeanza kukaza. Wamempa besi ndefu ya kuazima, akasema kwenye besi ndefu kila noti inaishi kijiji chake, naye hana nauli. Bila Bibi Mdogo hatoki. Alisema hivyo akiutazama msumari wa ukutani aliokuwa akimtundika, ambao haujawahi kung'olewa.

Nikasikia sauti ikisema Bibi Mdogo ameshapatikana. Ilikuwa yangu.

Nilipokuwa mtoto nililala juu ya sanduku la spika katika ukumbi ule, nimefunikwa koti la mjomba. Besi ilinipitia tumboni. Kulikuwa na mstari mmoja: unashuka ngazi nne, unasita, unapanda mbili. Sikuwahi kuusikia hadi mwisho. Hata leo mjomba akiuvuma mlangoni napiga miayo.

Jumanne, 5 Machi

Hila imepatikana. Tangazo kwenye ubao wa ofisi.

Lakini kwa uangalifu. Muhuri ana biashara ya pembeni ya vyombo vya muziki vilivyotumika. Akijua natafuta besi, atawahi kuinunua, kisha aniuzie machozi yangu mwenyewe. Kwa hiyo neno besi halimo. Gitaa halimo. Nimeandika hivi:

"ANATAFUTWA Bibi Mdogo. Shingo fupi, kiuno kipana, rangi ya kahawia. Kovu bega la kushoto. Sauti nzito. Aliondolewa nyumbani na mke mkubwa, mume akiwa hospitali. Hata akiwa amechakaa, mume anamtaka. Mwenye habari amwone karani wa dawati la kwanza, kwa siri."

Nililibandika watu wakiwa hawajafika. Nikarudi nyuma hatua moja kulitazama. Kazi ya msomi.

Kabla ya chai, mhasibu, mama mnene mwenye sauti nzito, alisimama mbele ya dawati langu akaniuliza kama mama yangu mzazi ana shingo ya twiga. Mama wa chai alininong'oneza kwamba anawajua wawili wa namna hiyo, nataka yupi. Mlinzi alinishika bega akasema, "Kijana, mke wa mtu ni sumu, na huyu ana waume wangapi hata hujui." Muhuri alilisoma tangazo kwa sauti, akipumua kwenye kila nukta.

Baada ya chakula cha mchana nilisinzia tena. Ni kila siku, tangu dawati langu liliposukumwa kwenye ukuta wa stoo. Nimepunguza chakula. Nimeacha maharage kabisa. Bado nalala kama mtoto. Nimeshaonywa mara mbili. Nilipoamshwa nikaambiwa naitwa na Mkuu. Nikajua ndiyo mwisho wangu.

Mkuu ni mtu mkubwa ambaye kichwa chake kimekaa mabegani moja kwa moja. Alifunga mlango. Badala ya kufoka, alinong'ona. Nani kaniambia? Nikasema hakuna. Akasema basi ni kweli, anaye yeye. Kamweka stoo, miaka sasa. Nyumbani mkewe hataki hata kumsikia, ndiyo maana anamtembelea mchana, watu wakishakula. Akaapa kwamba anamtunza, hajamwacha apate hata unyevu, na kwamba Jumamosi alikuwa amekusudia...

Sikungoja kusikia alichokusudia. Karani wa daraja la chini hapaswi kujua habari za mkuu wake na mwanamke wa stoo. Nikasema sijaona, sijasikia, naomba nikapeleke faili. Nikatoka bila faili.

Maskini mwanamke. Anakula nini mle ndani?

Jumatano, 6 Machi

Tangazo nimelibandua. Mlango wa stoo naupitia kwa mbali. Asubuhi niliacha nusu ya mkate wangu kizingitini, umefungwa kwenye karatasi safi. Baada ya muda mfupi haukuwapo. Ana njaa, basi.

Bibi Mdogo wa mjomba bado hajulikani aliko, na Jumamosi haitusubiri.

Jioni Muhuri alikuja akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Amekifumbua kitendawili changu: besi. Nikasema sihitaji besi, kwa sauti ya mtu anayeihitaji. Akasema yeye huzidharau hizo besi za kitoto, mwanamume hupiga besi ndefu, lakini kwa bahati anayo moja, shingo fupi kabisa, na yuko tayari kubadilishana na baiskeli yangu. Tulikutana nyuma ya ofisi. Gizagiza limeanza. Chombo kimo ndani ya mfuko wa turubai. Nikapapasa shingo. Fupi. Nyuzi nne. Nikampa baiskeli.

Nyumbani, kwenye taa, nimegundua ni gitaa la kawaida lililonyofolewa nyuzi mbili nyembamba.

Nilirudi mbio kwake. Alikuwa juu ya baiskeli yangu. Akaniuliza, "Ndugu yangu, hiyo shingo ni fupi au si fupi?" Nikakiri ni fupi. Akapiga kengele akaenda zake. Kengele niliipaka mafuta mwenyewe Jumapili.

Alhamisi, 7 Machi

Mtu akikosa kitu hutengeneza.

Nimelipaka gitaa lile rangi ya kahawia iliyobaki tulipopaka mlango. Kovu la begani nimelichonga kwa kijiko. Nililichonga kwa kumbukumbu, maana nalijua kovu lile. Ndilo nililokuwa nalitazama nikiwa juu ya sanduku, likipanda na kushuka na pumzi ya mjomba, mpaka macho yanafunga. Nilipolimaliza nilikaribia kulia. Limetoka vizuri.

Nikampelekea mjomba, mapazia yakiwa yamefungwa.

Aliketi. Akapangusa viganja kwenye mapaja ya suruali, kushoto kisha kulia, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kupanda jukwaani. Sikuwa nimemwona akifanya hivyo tangu nianze kunyoa ndevu. Akaugusa uzi mmoja. Ukalia kama mbu.

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nikasema bado. Akasema huyu ni mdogo wake Bibi Mdogo. Wamefanana, mwanangu, hasa hapa begani. Rangi ilikuwa mbichi, ikamshika kidole, naye akakificha kidole mfukoni ili nisikione. Akasema Jumamosi twende tu, tukakae viti vya nyuma, tuwasikilize wenzake. Nani alisema lazima mtu apige?

Mkaza mjomba alikuwa mlangoni. Ni mara ya kwanza kumwona akiutazama ule msumari.

Ijumaa, 8 Machi

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mchana, baada ya chakula, usingizi ulinijia kama kawaida. Safari hii niliupima. Miayo ilikuwa inakuja kwa mapigo. Minne, kituo, miwili. Minne, kituo, miwili.

Nikaweka sikio ukutani.

Unashuka ngazi nne, unasita, unapanda mbili.

Nilijifinya shavu nisilale, nikaenda stoo nikachungulia tundu la ufunguo. Mkuu amekaa juu ya katoni za karatasi, viatu amevua. Mapajani mwake yuko Bibi Mdogo, kovu lake begani, hajaunganishwa na kitu chochote, anavuma kwa sauti ya mbao peke yake. Mkuu hana shingo, na ya Bibi Mdogo ni fupi. Ukiwaunganisha wote wawili hupati shingo moja kamili. Na ile ngazi ya nne anaikosea.

Kumbe hakuna mwanamke. Nikaukumbuka mkate wangu. Mlinzi amekuwa akinisalimu kwa heshima sana tangu Jumatano.

Mtu mwingine angebisha hodi. Mimi ni mwangalifu. Mkuu akijua kwamba mwenye Bibi Mdogo yuko hai na anamlilia, atamficha mbali zaidi. Alipokwenda mkutanoni nilikimbia nyumbani kulichukua gitaa langu, nikarudi, nikaingia kwa ufunguo aliouacha mlangoni. Nikamtoa Bibi Mdogo kwenye sanduku lake, nikamlaza yule mdogo wake mahali pake, nikafunga. Sikuwa na cha kumfungia Bibi Mdogo. Nikang'oa pazia la dirishani ofisini kwa Mkuu.

Sasa yuko chini ya kitanda changu. Mjomba simwambii. Nitamkabidhi palepale ukumbini, asipate nafasi ya kuuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi umepungua. Au mimi nimekua. Jukwaa nililokuwa nikipandishwa kwa kubebwa, leo limenifika magotini.

Wazee watatu walikuwa wakifunga nyuzi. Mjomba viti vya nyuma, mkaza mjomba kando yake, mimi nyuma yao na mzigo wangu ndani ya pazia. Nilikuwa ndiyo kwanza nasimama nimguse mjomba begani, mlango ukafunguka.

Mkuu. Suti nyeusi. Sanduku mkononi.

Alikuja moja kwa moja mpaka kwa mjomba, akainama kadiri mtu asiye na shingo anavyoweza kuinama, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Akaeleza mbele ya wote. Ujana wake wote aliumalizia mbele ya jukwaa lile, akitazama vidole vya mjomba. Siku alipoiona besi kwenye mkokoteni alilitambua kovu. Akanunua ili airudishe. Kisha akaigusa, na kurudisha kukawa kugumu, kila mwaka kugumu zaidi. Lakini aliposikia ukumbi unafungwa, alikata shauri kumrudisha leo. Alijaribu kumweleza karani wake Jumanne, karani akakimbia.

Akafungua sanduku.

Rangi ya mlango ilikuwa imeshikana na kitambaa chekundu cha ndani. Ilimbidi avute. Akabaki ameshika kitu chenye manyoya mekundu.

Mkaza mjomba aliinuka akakitazama kwa karibu. Akasema, "Huyu siye niliyemuuza mimi. Mke mwenzangu namjua."

Hapo uzi mmoja ukalia ndani ya pazia. Watu wote wakageuka. Mkuu alilitambua pazia kabla hajamtambua Bibi Mdogo.

Nilianza kueleza. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili ilipinga ya kwanza. Hakuna aliyesikia ya tatu, kwa kuwa mjomba alikuwa ameshamchukua. Akapangusa viganja, kushoto kisha kulia. Akapanda jukwaani bila kushikwa mkono.

Vidole vilimtii. Vichache, lakini vile vinavyohitajika. Mkuu alisimama mbele kabisa, viganja vya kahawia, mdomo wazi kama mtoto. Mkaza mjomba alisema, kwa sauti ya kusikika jukwaani, kwamba anaweza kurudi nyumbani huyo, ila akae msumarini, asikanyage chumbani. Mjomba akacheka mpaka akakosa pigo moja.

Kisha akanitazama mimi, akaanza ule mstari. Nilikuwa nimekaa kando ya spika. Nikajiambia leo, leo tu, nitausikia hadi mwisho. Ngazi nne. Kituo.

Nilipoamka viti vilikuwa vimeshapangwa juu ya meza. Nilikuwa nimefunikwa koti la mjomba.

Jumapili, 10 Machi

Mambo yote yamekwisha vizuri, kutokana na hila zangu. Kesho natakiwa kueleza kwa maandishi habari za pazia.

Bibi Mdogo yuko msumarini. Mjomba amefurahi, ila amesema ile spika ya jana ya kuazima ilikuwa na kifua chembamba. Laiti lingekuwapo lile sanduku la zamani. Lile nililolalia. Nikasikia sauti ikisema limeshapatikana.

Tangazo jipya liko tayari. Neno spika halimo. "ANATAFUTWA Mzee Mweusi, kifua kipana, hukohoa akiamshwa. Watoto walilala juu yake. Alitoweka, familia inamlilia." Safari hii hakuna atakayekosea maana. Muhuri ameshadokeza kwamba ana sanduku jeusi, anataka kitanda changu. Nafikiria.

Wewe uliyesoma mpaka hapa licha ya kuombwa, ukimwona Mzee huyo, usije ofisini. Usipige simu. Njoo nyumbani kwa mjomba, uzunguke nyuma, usimame chini ya dirisha lenye kioo kilichopasuka. Mkaza mjomba akitokea, sema umekuja kusoma mita. Vinginevyo usibishe, vuma ule mstari: ngazi nne, kituo, mbili. Nitajua ni wewe.

Lakini uuvume vibaya kidogo, kama Mkuu anavyoikosea ngazi ya nne. Ukiuvuma sawasawa, sitaamka.