Kiti cha Gavana

Ijumaa, 3 Novemba
Nimewaelimisha tena pale kwa kinyozi. Wanadhani Wamarekani wanampata rais kwa kuhesabu kura tu, basi! Nikawaeleza polepole habari ya wajumbe wa majimbo. Nilipofika jimbo la tatu, wateja wawili walikumbuka kuwa wana haraka. Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani, hana haraka kamwe. Akasema kati ya wagombea wao wawili Seneta atashinda kwa sababu koti lake limekaa vizuri mabegani. Wakampigia makofi. Mabega!

Mimi ni wa mpinzani wake, Gavana. Ameahidi kuwapa wageni makaratasi ya ukaazi, na kijana wetu yuko huko Marekani muda mrefu bila kurudi. Mama yake macho yanafifia. Daktari amesema yakifika mwakani tushukuru. Mama watoto ananisihi nimpigie mtoto, nimwambie tu, njoo. Nimemweleza kwamba mambo ya dola hayaendi hivyo.

Jumamosi, 4 Novemba
Shemeji kaleta uchaguzi wake. Kinyozi ana viti viwili: cha dirishani cha Gavana, cha ukutani cha Seneta. Ukikaa, umepiga kura. Wote wamekaa ukutani. Kuna feni! Gavana kapata kura yangu peke yake, nami nina upara. Kinyozi aliniuliza kwa adabu anyoe nini.

Jumatatu, 6 Novemba
Nilimwahi kinyozi nikiwa na bisibisi. Nikalegeza kiti cha Seneta, kidogo tu, kiyumbe. Wateja wakahamia dirishani. Ushindi!

Mara akaingia mama watoto akipapasa ukuta, simu mkononi. Mtoto yuko hewani, anasema, ongea naye. Akashika kiti kilicho karibu, akakaa. Kikamwangusha.

Mkono umevimba. Shemeji aliikagua skrubu, akanitazama, akasema Mwalimu, maana ndivyo wanavyoniita, hata Wamarekani wenyewe hawajafika huko. Hakuna aliyecheka.

Jumanne, 7 Novemba
Mama watoto amelala, mkono umefungwa bandeji. Mtoto kapiga simu kumjulia hali. Nikapokea mimi, mkuu wa nyumba, nikamfafanulia hesabu ya wajumbe. Alisema Baba, nipe mama. Nikamwambia ngoja, nimalizie majimbo ya kusini. Simu ikakatika. Mtandao wa siku hizi!

Jumatano, 8 Novemba
Gavana kashinda! Nikampigia mtoto kumpongeza, sasa makaratasi yatatoka. Kisha akasema makaratasi alipata mwaka juzi. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema hakuulizwa. Kila akipiga anakuta darasa; hajawahi kuulizwa hata kama amekula. Akasema nauli anayo. Anachoogopa ni kuja kukaa sebuleni na mimi.

Mama watoto aliuliza mtoto amesemaje. Nikasema mtandao ni mbaya.

Alhamisi, 9 Novemba
Sikulala vizuri, lakini nimeliona kosa langu. Bunge! Nilimweleza kijana habari za rais, nikasahau Bunge. Rais bila Bunge hana meno. Bila shaka ndiyo maana anasita. Nimempigia tangu asubuhi nimfafanulie. Hapokei, kazi nyingi huko.

Basi nikamweleza mama yake kwanza, kwa mazoezi. Akageukia ukutani. Akasema anachotaka ni kuuona uso wa mwanawe, basi. Nikamwambia avute subira: uchaguzi mwingine wa Bunge lao ni baada ya miaka miwili, na miaka miwili si mingi.

Akavuta shuka hadi usoni. Nadhani ameelewa.